Waya Unaohama

Mfugaji wa Waikato, kule New Zealand, akitaka kujua kama uzio wake una umeme, mara nyingi hahangaiki kutafuta kipimo. Huchuma jani refu la nyasi, akaegesha ncha yake juu ya waya, kisha akaanza kulisogeza taratibu ili vidole vikaribie. Kama waya umekufa, hasikii kitu. Kama uko hai, mkono huanza kusisimka: tik, kimya, tik, kimya, karibu mara moja kila sekunde, na kadiri jani linavyozidi kuwa fupi ndivyo mpigo unavyozidi kuuma. Mtu mzima huridhika mapema akaenda zake. Watoto wa shambani huendelea kushindana nani atasogea zaidi, mpaka mmoja aruke na kupiga yowe.

Waya wenyewe ukiutazama ni kitu cha kudharaulika. Ni uzi wa plastiki uliosokotwa pamoja na nyuzi chache za chuma cha pua, mwembamba kuliko kamba ya kuanikia nguo. Unashikwa na vijiti vya chuma ambavyo vichwa vyake vimepindwa kama mkia wa nguruwe, vikakanyagwa kwa buti mpaka vikazama ardhini. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuving'oa vyote. Upande mmoja wamesimama ng'ombe 200, kila mmoja na uzito wake wa kilo 400 na zaidi. Upande wa pili kuna majani mabichi, marefu, yenye umande. Hakuna anayevuka.

Uzi huo umefika hapo baada ya safari ya karibu miaka 90, na sehemu kubwa ya safari hiyo haikuhusu umeme. Ilihusu swali ambalo kila mchungaji wa Usukumani na Umaasaini amekua nalo: leo wale wapi, kesho wapi, na pale walipokula jana parudiwe lini?

Wafugaji wa Afrika Mashariki walilijibu swali hilo bila waya. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yasimame, yaje kuliwa kiangazi kikibana. Wamaasai wana alalili, malisho ya akiba, na karibu na boma huacha olopololi kwa ajili ya ndama na mifugo iliyodhoofu. Ua ulikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa nyingine: miiba ya kumzuia simba usiku, au safu ya minyaa kuzunguka makazi. Jina la Ziwa Manyara huelezwa kuwa limetokana na emanyara, mmea ambao Wamaasai huuotesha kuwa ua wa boma. Malishoni hapakuwa na ua. Palikuwa na kijana mwenye fimbo, na nyuma yake palikuwa na wazee waliokaa wakaamua. Usukumani, aliyeingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa alijibu mbele ya dagashida, baraza la jadi, na faini alilipa.

Nguvu ya utaratibu huo ilionekana ulipovurugwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, na Shinyanga ikabaki vumbi. Mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600 tu. Mpaka mradi unafikia ukomo mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa. Kilichozirudisha ni makubaliano ya watu na sheria zao za kijiji, na mchungaji aliyejua mpaka uko wapi hata pasipo alama.

Walowezi wa Kiingereza na Kiskoti waliofika New Zealand katika karne ya 19 walikuja na mifugo mingi na watu wachache. Mtu wa kushinda malishoni hakupatikana, na akipatikana ujira wake ulikuwa mkubwa. Ikabidi kazi ya kuchunga ifanywe na kitu kisicholipwa. Walianza kwa kupanda ua wa mimea ya kwao, hasa kichaka chenye miiba na maua ya njano kiitwacho gorse. Kichaka hicho kilipendezwa mno na hali ya hewa ya ugenini, kikatoka kwenye mistari yake, kikapanda vilima, na mpaka leo wakulima wa huko wanapambana nacho kama gugu. Ndipo waya ukashika kazi. Ule waya mnene wa kawaida, waya namba 8, ulitumika kwa kila kitu kiasi kwamba jina lake limekuwa sifa ya taifa: mtu wa waya namba 8 ni yule anayeweza kutengeneza chochote kwa kilicho mkononi. Marekani nako, mwaka 1874, mkulima Joseph Glidden wa DeKalb, Illinois, alipata hataza ya waya wenye miiba ambao Waswahili tunauita seng'enge, na mbuga zilizokuwa wazi zikaanza kufungwa kwa kasi.

Februari 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin iling'oa nanga Port Chalmers ikiwa na maelfu ya mizoga ya kondoo iliyogandishwa, ikafika London mwezi Mei nyama ikiwa bado nzuri. Kuanzia hapo jani la New Zealand likawa fedha. Nyama, siagi na jibini vikavuka bahari, na mfugaji wa Waikato akawa, kwa kweli, mkulima wa majani anayevuna kwa kutumia mdomo wa ng'ombe.

Ila mvunaji huyo ana tabia zake. Mwachie ng'ombe eneo kubwa lililozungushiwa uzio imara, atachagua. Atakula yale matamu, laini, na wiki mbili baadaye atayarudia yaleyale kwa sababu yamechipua upya na ni matamu zaidi. Magumu atayaacha yazeeke. Baada ya miaka michache eneo moja linageuka kuwa mawili: madoa yaliyonyolewa mpaka udongo unaonekana, na madoa ya majani makavu yasiyotamanika. Uzio wa kudumu ulikuwa umemwachisha kazi mchungaji, na pamoja na fimbo yake likaondoka jicho lake. Mifugo haikupotea, hiyo ni kweli. Lakini hakuna aliyekuwa akiwaambia: hapo basi, twendeni.

Kugawa eneo katika vipande vidogo kungesaidia, na wazo hilo lilikuwa la kale. Mskoti James Anderson alilipendekeza katika karne ya 18, na Wajerumani walilijaribu kwa bidii huko Hohenheim wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kikwazo kilikuwa gharama. Nguzo, waya, misumari, mashimo, siku za kazi. Na ukishamaliza, kipande kina ukubwa uleule masika na kiangazi, wakati majani hayana ukubwa mmoja. Kilichotakiwa ni uzio ambao mtu mmoja angeubeba begani.

Umeme kwenye waya haukuanza kwa nia njema. Warusi waliutumia kuilinda Port Arthur katika vita vyao na Wajapani mwaka 1904 na 1905. Mwaka 1915 Wajerumani walijenga mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi uzio wenye volti 2,000, na mamia ya watu waliojaribu kuvuka walikufa. Waholanzi na Wabelgiji waliuita waya wa mauti. Hata wakulima wa Marekani walipoanza kuujaribu kwa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1930, wengine waliunganisha waya wa shambani moja kwa moja na umeme wa nyumbani, na wakaua ng'ombe, mbwa na wakati mwingine watu. Majimbo kadhaa, Wisconsin likiwamo, yakalazimika kuweka kanuni.

Hatari ilikuwa katika mfululizo. Umeme unaotiririka bila kukatika hukaza misuli, na aliyeshika waya hawezi kuuachia. Umeme unaokuja kwa pigo fupi mno, halafu ukanyamaza, unampa mnyama nafasi ya kurudi nyuma. Volti zinaweza kuwa maelfu, lakini nguvu inayopita mwilini ni ndogo na muda wake ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Anapigwa shoti, anashtuka, anaondoka. Siri yote ya uzio wa mifugo iko katika ule ukimya kati ya pigo na pigo.

Kisa kinachosimuliwa zaidi kuhusu uzio huu kinamhusu farasi aitwaye Joe. Katikati ya miaka ya 1930, karibu na mji wa Hamilton, Waikato, Joe alikuwa na mazoea ya kujikuna kwenye gari la bwana wake, Bill Gallagher. Farasi akiwashwa huegemea kwa mwili wote, na gari la Gallagher lilikuwa likitikiswa kama mtumbwi. Gallagher alipenda kufungua mitambo. Aliunganisha koili ya kuwashia injini na swichi iliyojibu mtikisiko: gari likitikiswa, bodi yote inapata umeme. Joe aliegemea, gari likacheza, na Joe akapata jibu lake. Hakurudi tena.

Mtu mwingine angecheka na kuishia hapo. Gallagher alitafakari jambo ambalo Joe alikuwa amelionyesha. Gari halikuwa limepata nguvu mpya ya kumzuia farasi. Bati lilikuwa lilelile, betri ilikuwa ileile ya kila siku. Kilichobadilika ni kile farasi alichokijua juu ya gari. Mwaka 1938 biashara ya familia ya Gallagher ilikuwa imesimama Hamilton ikiuza mashine za uzio wa umeme, na kampuni hiyo ipo mjini humo mpaka leo.

Mashine za mwanzo zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: majani yenyewe. Jani bichi limejaa maji, na maji hupitisha umeme. Kila shina lililoegemea waya lilinyonya kidogo na kupeleka ardhini. Baada ya mvua, mita mia chache tu kutoka kwenye betri, waya ulikuwa umekufa, na ng'ombe hawakuchelewa kugundua. Mfugaji alijikuta anafyeka chini ya uzio wiki nzima. Na kwa umeme wa nyumbani sheria za nchi hazikumruhusu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo alitegemea betri.

Jibu lilitoka mwaka 1962 kwa Doug Phillips, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Ruakura, pembeni mwa Hamilton hiyohiyo. Wazo lake litaeleweka haraka na mtu aliyewahi kuona ndiva za Upare. Mfereji mwembamba unaotoka mlimani, ukiuacha utiririke wenyewe, maji yanaishia njiani. Kila ufa unakunywa kidogo, shamba la mwisho halipati tone. Kwa hiyo wazee walichimba bwawa dogo, ndiva, wakayakusanya maji usiku kucha, na asubuhi wakafungua mara moja. Maji yanakuja kwa kishindo, yanazipita nyufa kabla hazijayanywa, na shamba la mwisho linalowa. Phillips alifanya hivyo kwa umeme. Kapasita ilikuwa ndiva yake: ilijazwa kwa karibu sekunde nzima, kisha ikafunguliwa yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Pigo liliyapita majani kabla hayajaweza kulinyonya.

Uzio uliokuwa ukizimika baada ya mita mia chache sasa ulikwenda kilomita nyingi, hata katikati ya magugu yenye umande. Hataza ilifika mikononi mwa Gallagher, na kabla ya muongo kwisha mashine za Hamilton zilikuwa zinauzwa Ulaya. Ukiuliza ni lini uzio wa umeme ulikoma kuwa kichekesho cha shambani ukawa chombo cha kazi, ni hapo.

Wakati huohuo, mtu mmoja upande wa pili wa dunia alikuwa ameshaeleza chombo hicho kingefaa kwa nini. André Voisin alikuwa mwanakemia aliyefuga ng'ombe kwake Normandy, Ufaransa, na alikuwa na subira ya pekee: aliwatazama ng'ombe wakila, siku baada ya siku, kama mtu anayesoma kitabu. Mwaka 1957 alichapisha kitabu chake juu ya uzalishaji wa majani, ambacho ndani ya miaka miwili kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiingereza. Alisema wafugaji wamekuwa wakihesabu kitu kisicho chenyewe. Wamekuwa wakihesabu ng'ombe kwa hekta, na wangepaswa kuhesabu siku.

Jani lililong'atwa, alieleza, huchipua kwa kutumia akiba iliyoko kwenye mizizi na kwenye kisiki cha shina. Siku za kwanza hukua polepole, kwa taabu. Kisha likishapata ukijani wa kutosha kushika jua, hulipuka. Kwa siku chache hukua kwa kasi isiyoonekana tena baadaye. Ukimrudisha ng'ombe kabla ya mlipuko huo, analila jani likiwa bado linadaiwa. Ukifanya hivyo mara tatu, mzizi umefilisika. Kwa hiyo kuna muda wa kupumzika ambao lazima jani lipewe, na muda huo hurefuka na kufupika kwa majira. Na kuna muda wa kukaa ambao ng'ombe asiupitishe: siku 3 hivi, ikiwezekana moja, ili asipate nafasi ya kung'ata chipukizi la jani alilolila juzi.

Mzee yeyote wa ngitili angelielewa nusu ya kwanza bila kuandikiwa. Voisin alifariki Havana Desemba 1964, akiwa amealikwa na Fidel Castro kwenda kufundisha, akazikwa hukohuko Cuba. Lakini hesabu yake ya siku ilikuwa imeshapata mwenzake. Uzio wa kudumu hauwezi kufuata majira. Waya mwepesi unaweza.

Huko Ruakura nako watafiti chini ya C. P. McMeekan walikuwa wakipima ng'ombe na majani kwa uangalifu usio wa kawaida, hata kwa kutumia ng'ombe pacha wa kufanana, mmoja akilishwa hivi na mwenzake vile, ili tofauti ya damu isichanganywe na tofauti ya malisho. Wakulima walifurika kituoni kwa maelfu siku za maonyesho. Waya wa plastiki uliosokotwa na chuma ulipopatikana baadaye, pamoja na roli la kuukunjia, kila kitu kilikuwa tayari kimekutana.

Tazama kazi yenyewe asubuhi. Mfugaji wa kike, buti za mpira miguuni, anaingia eneoni ng'ombe wakiwa bado wanakamuliwa. Kwapani ana vijiti kumi na kitu, mkono wa pili umeshika roli. Kwanza anaangalia chini, pale walipolala jana. Kama majani yamebaki marefu, wamepewa kingi. Kama yamenyolewa mpaka udongo unachungulia, wamepewa kidogo. Anataka yabaki sentimita 4 au 5. Anaangalia samadi: ikiwa ya maji mno, jani lilikuwa changa. Halafu anaanza kutembea kwa hatua anazozihesabu, kila hatua kumi anachomeka kijiti na kukikanyaga, waya unaachia nyuma yake ukilia kwenye roli. Leo anaongeza hatua mbili kuliko jana. Kesho labda atapunguza.

Na nyuma ya ng'ombe huja waya wa pili. Mgeni huuona ule wa mbele tu, unaozuia kundi lisivamie majani ya kesho. Wa nyuma ndio unaotimiza maneno ya Voisin: unawazuia wasirudi kwenye majani ya juzi, ambayo yameanza kuchipua na ndiyo matamu kuliko yote. Nyaya mbili, na kundi linaishi katikati yake, likisogezwa kama pazia kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Majira ya kuchipua, mzunguko mzima unaweza kuchukua siku 20 hadi 25. Baridi ikishuka, hurefushwa mpaka siku 80 au zaidi. Ni waya uleule. Kinachobadilika ni uamuzi wa aliyeushika.

Uamuzi huo ukikosewa, waya hausamehi. Southland, kusini kabisa mwa nchi, ng'ombe hulishwa mazao ya baridi kwa vipande hivyohivyo, na mvua ikinyesha mfululizo hubanwa kwenye matope mpaka magotini. Picha zao ziliwaudhi watu kiasi kwamba mwaka 2019 serikali iliunda kikosi maalumu kulichunguza suala hilo. Mchungaji mwenye fimbo angewatoa hapo kwa sababu naye angekuwa amesimama matopeni.

Ng'ombe hazaliwi akiuogopa waya. Hufundishwa, na somo ni la dakika chache. Huwekwa kwenye zizi imara ambalo ndani yake umetandazwa waya hai, akaachwa aukague. Ng'ombe hukagua kila kitu kigeni kwa pua, na pua yake ni mbichi. Pigo la kwanza linampata pale penye hisia kali kuliko pengine popote mwilini, naye hurudi nyuma kwa kishindo. Wengi hawahitaji pigo la tatu. Ndiyo maana kimo cha waya ni jambo la maana: lazima ukutane na pua, maana mnyama aliyepigwa nyuma ya macho hukimbilia mbele na kuukata. Kondoo ni wagumu zaidi, kwa vile sufu hainasi umeme; asipoguswa puani au masikioni, hupenya kana kwamba hakuna kitu.

Afrika Mashariki waya wenye umeme uliingia kwa mlango mwingine: wanyamapori. Kenya, shirika la Rhino Ark lilianza mwaka 1989 kuuzungushia msitu wa Aberdare uzio uliokamilika mwaka 2009, ukiwa na urefu wa kama kilomita 400, ili tembo wabaki msituni na mashamba ya wakulima yapone. Huo ni uzio wa kudumu, wenye nguzo na walinzi. Tembo waliusoma kama walivyousoma ng'ombe, ila wao hawakuishia kwenye somo la kwanza. Laikipia wafugaji na wahifadhi wameshuhudia tembo wanaokata waya kwa pembe, kwa kuwa pembe haipitishi umeme vizuri, na wengine wanaosukuma nguzo, kana kwamba waliambiwa mahali penye udhaifu.

Ardhi nayo ina masharti yake. Ili mnyama apigwe shoti, umeme lazima upite mwilini mwake, ushuke ardhini, urudi kwenye mashine kupitia chuma cha ethi. Udongo wa Waikato una unyevu mwaka mzima. Udongo wa Kajiado mwezi wa Septemba ni mkavu kama chungu kilichochomwa, na mnyama aliyesimama juu yake ni kama amevaa viatu vya mpira. Mafundi hulazimika kuongeza waya wa pili usio na umeme, ili mnyama aziguse nyaya zote mbili kwa pamoja.

Lakini ugumu mkubwa haupo kwenye udongo. Upo kwenye mvua. Mzimbabwe Allan Savory ameshikilia tangu miaka ya 1960 kwamba hata nchi kame huponywa kwa kulibana kundi kubwa pamoja na kulihamisha mara kwa mara, kama nyumbu wanavyohamishwa na simba. Ana wafuasi wengi, na baadhi ya mashamba yao ni mazuri kwa macho. Wanasayansi wa malisho hawakukubali. Mwaka 2008 Briske na wenzake walipitia majaribio ya miongo mingi wakakuta kwamba kwenye mbuga, kuzungusha mifugo kwa vipande hakukuyashinda malisho ya kawaida kama ilivyodaiwa. Mfugaji wa Longido hashangai. Mvua ya kwake huanguka hapa ikaruka pale, na kipande cha hekta 20 kinaweza kukosa tone mwaka mzima. Mzunguko wake yeye ni wa kilomita makumi, kutoka alalili mpaka nyanda za mvua na kurudi. Anahitaji njia iliyo wazi.

Na njia zimekuwa zikifungwa. Sheria ya mwaka 1968 iliyounda ranchi za pamoja Kenya iliishia, miongo miwili baadaye, kwenye kugawana ardhi ya Kajiado mtu mmojammoja, na kila aliyepata kipande akatamani kukizungushia seng'enge. Pundamilia na ng'ombe wote wawili walijikuta wamesimama mbele ya waya mahali baba zao walipopita. Anayeeneza uzio wa umeme Afrika Mashariki anapaswa kulibeba jambo hilo moyoni. Ule unaokunjwa jioni na ule unaopigiliwa kwa saruji vinaitwa jina moja, na ni vitu viwili tofauti.

Kuna uzio unaohama ambao nyanda hizi zimeupokea kwa urahisi zaidi. Laikipia, badala ya boma la miiba, mashamba mengi hutumia boma la vipande vya chuma vinavyounganishwa usiku na kubebwa kwenda pengine baada ya siku chache au wiki. Umeme mara nyingi haumo. Ng'ombe hulala mahali, huacha samadi, boma linahama. Watafiti wa kituo cha Mpala wamechunguza sehemu zilizowahi kuwa maboma, wakakuta udongo wake umebaki na rutuba kwa miongo mingi baada ya watu kuondoka, majani yake yana lishe, na swala huzifuata. Ukipita kwa ndege juu ya Laikipia utaziona: madoa ya kijani yenye mviringo katikati ya vichaka, kila moja mahali ambapo kundi lililala.

Ni nyanda hizihizi pia zilizomtoa Richard Turere wa Kitengela, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Akiwa mvulana wa miaka 11 aliyepewa jukumu la kulinda ng'ombe wa baba yake, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Alichukua betri ya gari, paneli ndogo ya jua, kifaa cha indiketa cha pikipiki na taa za tochi mbovu, akafanya taa ziwake kwa zamu kuzunguka boma kama vile mtu anatembea na tochi. Simba hawakuja tena. Mwaka 2013 alikisimulia kisa hicho jukwaani Marekani. Kati ya indiketa ya pikipiki ya Turere na koili ya gari ya Gallagher kuna karibu miaka 80 na bahari nzima, na wote wawili walianza kwa kumtazama mnyama kwa makini wakauliza anajua nini.

Sasa waya wenyewe umeanza kutoweka. Nofence ya Norway ilianza na mbuzi, Halter ya New Zealand na ng'ombe wa maziwa: mnyama anavaa kola yenye paneli ya jua, mfugaji anachora mpaka kwenye simu, na mnyama akikaribia mstari husikia sauti kwanza, akiendelea, hupata pigo dogo shingoni. Hakuna kijiti cha kukanyaga. Mpaka unaweza kuhama saa nane usiku mwenye ng'ombe akiwa kitandani.

Mashamba mengi ya Waikato, hata hivyo, bado yana roli linaloning'inia mlangoni mwa kibanda cha kukamulia. Ng'ombe wanaijua sauti yake. Likianza kulia mwishoni mwa eneo, vichwa vinainuka, kundi zima linajongea upande wa waya na kupanga mstari. Mfugaji anakunja, anang'oa kijiti, anakunja, na mara mbele yao hakuna kitu tena isipokuwa majani. Hawaingii. Yule wa kwanza anasimama palepale waya ulipokuwa, ananyoosha shingo, ananusa hewa tupu kulia na kushoto. Nyuma yake wenzake wanasukumana. Anainua mguu mmoja, anaushusha, anaunusa tena ule mstari usioonekana. Kisha anavuka, na wote wanamfuata kwa mbio.